Kalsiamu ilipanda kabla ya kikohozi: kisa cha mgonjwa wa figo ya kupandikizwa, Mombasa

Majibu ya maabara yalikuja yakiwa na namba tatu ambazo, kila moja peke yake, zingeweza kupita bila kushtua mtu. Kalsiamu ya jumla 2.91 mmol kwa lita. Albumini gramu 34 kwa lita. Homoni ya parathiroidi, ile inayopandisha kalsiamu ya damu, pikogramu 8 kwa mililita, wakati kawaida yake ni kati ya 15 na 65. Mwenye damu hiyo hakuwa akikohoa wala hakuwa na homa. Alichokuwa nacho ni kiu, kufunga choo, na figo ya dada yake iliyoanza kulegea.

Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu njia yake ina matawi mawili ambayo madaktari wengi huyachukua kwa nia njema, na yote mawili yangemdhuru. La kwanza ni kudhani kwamba figo inakataliwa na mwili. La pili ni kumwanzishia dawa za kifua kikuu bila ushahidi. Maelezo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Ni mwanamume wa miaka 47, karani wa kupokea na kutoa mizigo bandarini, mkazi wa Kisauni. Presha iliziharibu figo zake, akakaa kwenye dialisisi miaka mitatu, kisha akapandikizwa figo ya dada yake. Wakati wa kisa hiki ilikuwa imetimia miezi 14 tangu upandikizaji. Alikuwa akitumia dawa tatu za kushusha kinga ili figo isikataliwe: takrolimasi, maikofenoleti, na steroidi iitwayo predinisoloni miligramu 5 kwa siku. Septrin, yaani kotrimoksazoli, dawa ya kumkinga na maambukizi ya mapafu, alipewa miezi sita ya mwanzo kisha ikasimamishwa kama ilivyopangwa. Mwezi wa kumi baada ya upandikizaji mwili ulianza kuikataa figo. Akatundikiwa steroidi ya dozi kubwa, methilipredinisoloni, kwa siku tatu, kreatinini (taka ya damu ambayo hupanda figo ikilegea) ikashuka mpaka 118, naye akarudi kazini. Septrin haikurudishwa. Hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi. Mwongozo wa mwaka 2009 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unashauri kinga hiyo irudishwe kwa angalau wiki sita wakati wa kutibu kukataliwa kwa figo na baada yake, kwa kuwa dozi kubwa za steroidi huzizima seli za kinga kwa muda mrefu kuliko siku zile tatu za dripu.

Alipokuja kliniki alisindikizwa na mkewe, na mkewe ndiye aliyesema zaidi.

"Daktari, dumu la lita tano halifiki asubuhi. Anywa, aenda chooni, arudi anywa tena. Chakula hataki. Choo kikubwa nacho leo siku ya nne hajapata."

Mwenyewe alikuwa na wasiwasi wa maji. Nyumba yao hutumia maji ya kisima, yale ya chumvichumvi yaliyozoeleka kisiwani na Kisauni, na jirani alikuwa amemwambia kwamba chokaa ya kisima ndiyo imeingia kwenye damu. Wasiwasi huo una mantiki, kwa maana ardhi yetu ni ya matumbawe na birika zetu huota ukoko mweupe. Lakini kalsiamu ya maji pekee haipandishi damu kiasi hiki: utumbo hupunguza unachofyonza, na figo hutoa kinachozidi. Ili kalsiamu ipande na ibaki juu, ni lazima kuwe na kitu kinachoendelea kuisukuma.

Tukianza na hesabu, kalsiamu ya jumla hutegemea albumini, kwa sababu karibu asilimia 40 yake husafiri ikiwa imeshikamana na protini hiyo. Albumini ikiwa chini, kipimo hudanganya kwa kuonyesha kalsiamu ndogo kuliko ilivyo. Kanuni ya kawaida ni kuongeza 0.02 kwa kila gramu inayopungua kutoka 40. Hapa zilipungua gramu sita, kwa hiyo 2.91 ikawa 3.03. Wiki sita nyuma ilikuwa 2.41. Kreatinini nayo ilikuwa imetoka 118 hadi 171.

Kwa mgonjwa aliyepandikizwa figo, sababu ya kwanza ya kalsiamu kupanda hujulikana vyema. Miaka ya dialisisi huzinenepesha tezi za parathiroidi, zile ndogo za shingoni zinazotoa homoni hiyo, na hata figo mpya ikianza kazi, tezi zile huendelea kutoa homoni kwa mazoea. Ni kawaida kiasi kwamba ukiona kalsiamu 2.7 kwa mgonjwa wa aina hii mkono huenda wenyewe kuandika sababu hiyo. Ndiyo maana kipimo cha homoni ya parathiroidi kina thamani kubwa. Kama tezi ndizo zenye kosa, homoni ingekuwa juu, au angalau ingekataa kushuka. Ya bwana huyu ilikuwa 8. Tezi zake ziliiona kalsiamu, zikanyamaza. Kosa lilikuwa mahali pengine.

Mahali pengine hapo hapana wingi wa milango. Kuna saratani, ikiwemo limfoma ambayo waliopandikizwa viungo huipata zaidi kuliko watu wengine, na mieloma. Kuna dawa: vidonge vya kalsiamu, vitamini D iliyozidi, dawa za presha za jamii ya thaiazidi, dawa za kiungulia zenye kalsiamu. Mkewe alikuja na mfuko wote wa dawa, tukaumwaga mezani tukahesabu kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja cha aina hiyo. Na kuna kundi la magonjwa ambayo seli za kinga hukusanyika mahali pamoja na kuanza kutengeneza vitamini D iliyokamilika. Kifua kikuu kimo humo, sakoidosisi imo, kuvu kadhaa zimo. Na imo nimonia ya Pneumocystis, maambukizi ya mapafu ya watu ambao kinga yao imeshuka.

Utaratibu wake nitaueleza kwa utulivu, kwa kuwa ukiuelewa hutausahau. Vitamini D tunayoipata juani au kwenye chakula haijakamilika. Ini huigeuza hatua ya kwanza, kisha figo huigeuza hatua ya pili kwa kimeng'enya kiitwacho alfa-1 haidroksilesi, na hapo ndipo inapata nguvu ya kuuamuru utumbo ufyonze kalsiamu na mfupa uiachilie. Figo hufanya kazi hiyo chini ya ulinzi mkali: homoni ya parathiroidi ikishuka, figo hupunguza. Lakini makrofaji, zile seli walaji zinazokaa kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nazo zina kimeng'enya hichohicho. Zinapokutana na kijidudu huiwasha vitamini D kwa matumizi yao ya ndani, ili kuamsha silaha za kukiua. Zenyewe hazimsikilizi parathiroidi. Zikiwa chache, vitamini hiyo huishia palepale. Mapafu mawili yakijaa kijidudu, humwagika mpaka kwenye damu, na mwili mzima hupokea amri ambayo figo haikuitoa.

Kwa hiyo kalsiamu ikiwa juu, homoni ya parathiroidi ikiwa imezimwa, kwa mtu aliye kwenye dawa za kushusha kinga, mimi huyaangalia mapafu siku hiyohiyo, awe anakohoa au hakohoi. Katika visa kadhaa vilivyoandikwa vya nimonia hii kwa waliopandikizwa figo, kalsiamu ilitangulia dalili za kifua.

Picha ya eksirei ya kifua ilikuwa safi, na hilo halikututuliza. Nimonia ya Pneumocystis inaweza kuanza eksirei ikiwa haionyeshi kitu. Oksijeni akiwa ameketi ilikuwa asilimia 97. Tukamvika oksimita kidoleni na kumwomba apande ngazi za jengo hadi orofa ya pili, muuguzi akipanda naye bega kwa bega. Kwenye kitutio cha kwanza namba ilisoma 94. Alianza kujibu maswali kwa maneno mawilimawili. Orofa ya pili ilikuwa 88, kucha zimebadilika rangi kidogo, na yeye mwenyewe akasema, "Hizi ngazi mwezi uliopita nilizipanda na faili mkononi." Hakuwa amehesabu hilo kuwa ugonjwa. Alidhani ni uchovu wa kukosa usingizi kwa kwenda haja usiku kucha.

Kipimo hiki hakigharimu kitu na kila zahanati yenye oksimita inaweza kukifanya. Mapafu yaliyoingiwa na Pneumocystis huweza kumtosheleza mtu aliyeketi. Ukiyadai zaidi ndipo yanaposhindwa. Nawasihi wenzangu wasimwache mgonjwa wa namna hii arudi nyumbani kwa sababu tu alisoma 97 akiwa kitini.

Picha ya CT ilionyesha vivuli vya kioo chenye ukungu pande zote mbili, zaidi karibu na mzizi wa mapafu, bila shimo, bila tezi kubwa za kifuani. Kipimo cha LDH, ambacho hupanda seli za mwili zinapoumia, kilikuwa 410 pale ambapo kawaida ya maabara ile huishia 250.

Sasa nirudi kwenye matawi mawili niliyoyataja.

Kreatinini ilipofika 171, shauri la kwanza lililotolewa lilikuwa kumrudishia methilipredinisoloni. Kwa nje lilionekana sawa: mtu alikwisha kataliwa figo mara moja, kreatinini imepanda tena, basi ni yaleyale. Lakini mkojo haukuwa na protini, kiwango cha takrolimasi kilikuwa mahali pake, na kulikuwa na sababu nyingine iliyokaa wazi. Kalsiamu ikizidi hubana mishipa inayopeleka damu kwenye chujio za figo, na pia huizuia figo isiisikie homoni ya kubakiza maji. Mtu hukojoa kupita kiasi, hukauka, na ukavu huo humwongezea kalsiamu. Kiu aliyoisema mkewe na kreatinini iliyotutia hofu zilikuwa habari moja. Tulimtundikia maji ya chumvi ya asilimia 0.9 usiku ule, na baada ya siku mbili kreatinini ilikuwa 139 bila kuongeza steroidi hata tone. Biopsi, yaani kutoa kipande cha figo kikapimwe, haikuhitajika. Kama angepewa dozi kubwa ya steroidi kwa dhana ya kukataliwa, kalsiamu ingeshuka, maana steroidi hukizuia kimeng'enya kile, na wote wangefurahi, huku kijidudu kikizaana kwenye mapafu yasiyo na mlinzi.

Tawi la pili ni kifua kikuu. Kwetu Pwani ni haki kukifikiria, na kinapandisha kalsiamu kwa njia ileile. Lakini rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, huliamsha ini liivunje takrolimasi haraka, na kiwango chake huporomoka. Bila kuongeza dozi mara kadhaa na kuipima mara kwa mara, figo hupotea. Kwa mgonjwa huyu, "tumwanzishie tu, tusubiri tuone" si tahadhari. Ni kamari yenye figo ya dada yake mezani. Kwa hiyo tulisisitiza apate bronkoskopi, yaani mrija wenye kamera upitishwe hadi mapafuni, na mapafu yaoshwe, japo ilibidi familia ichange. Maji yaliyorudi yalipimwa GeneXpert: hakuna kifua kikuu. Yalipopakwa rangi ya fedha, vifuko vya Pneumocystis jirovecii vilionekana, na PCR, kipimo cha chembe za urithi, ikathibitisha. Sampuli iliyooteshwa kwa ajili ya kifua kikuu ilitoka safi baada ya wiki sita.

Kijidudu hiki kina historia iliyowachanganya wataalamu. Kwa miaka mingi kilidhaniwa kuwa mnyama wa chembe moja, mpaka mwaka 1988 uchunguzi wa chembe za urithi ulipoonyesha kwamba ni kuvu. Jina jirovecii ni la heshima kwa Otto Jírovec, mtaalamu wa vimelea wa Kicheki. Ni kuvu isiyo ya kawaida: haioti kwenye maabara za kawaida, na utando wa seli zake hauna ergosteroli, kitu ambacho flukonazoli, dawa ya kawaida ya kuvu, huzuia kisitengenezwe. Kwa hiyo flukonazoli, ambayo iko kwenye kila duka la dawa kutoka Mwembe Tayari hadi Mtwapa, haina kazi hapa. Dawa ni ileile Septrin, kwa dozi ya vita.

Kwa uzito wake wa kilo 64 alipewa Septrin ya 960, vidonge viwili mara tatu kwa siku, ambayo ni miligramu 15 za trimethoprimu kwa kilo kwa siku, kwa siku 21. Maikofenoleti ilisimamishwa, takrolimasi ikabaki. Siku ya nne tangu alazwe oksijeni ilishuka hadi 91 akiwa kitandani, na damu ya mshipa wa ateri ilionyesha shinikizo la oksijeni la milimita 64 za zebaki. Ikishuka chini ya 70, desturi ni kuongeza predinisoloni: miligramu 40 mara mbili kwa siku tano, kisha 40 mara moja kwa siku tano, kisha 20 kwa siku 11. Ushahidi wa ratiba hiyo ulitokana na wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi; kwa waliopandikizwa figo ushahidi ni hafifu zaidi, lakini tuliona kumnyima ni hatari kubwa kuliko kumpa.

Kulikuwa pia na hoja ya kumchoma dawa ya mifupa, zoledroniki asidi, ili kalsiamu ishuke upesi. Niliipinga. Dawa hizo hukaa mfupani kwa muda mrefu, na kwa figo iliyochoka zina madhara yake. Chanzo cha kalsiamu hii kilikuwa mapafuni na kilikuwa tayari kinatibiwa. Kikizimika, mgonjwa mwenye parathiroidi iliyolala na mfupa uliofungwa angeweza kuangukia upande wa pili, kalsiamu ikawa chini mno. Maji ya chumvi na Septrin vilitosha.

Jambo lililotusumbua zaidi wodini halikuwa kalsiamu. Siku ya tano ya matibabu potasiamu ilifika 5.9. Trimethoprimu huzuia figo isitoe potasiamu, takrolimasi hufanya vivyo hivyo, na hayo tuliyatarajia. Lakini ilikuwa imepanda kwa kasi. Muuguzi ndiye aliyetazama chini ya kitanda na kukuta mafuu ya madafu. Ndugu zake, kwa mapenzi, walikuwa wakimletea kila jioni madafu mawili matatu ya Bamburi, apoze mwili na kukata kiu. Dafu lina potasiamu nyingi. Nilikaa na kaka yake mkubwa kwenye ukumbi nikamweleza.

"Sasa atakunywa nini huyu, daktari, na kiu yote hii?"

"Maji, kaka. Ya kawaida, kadiri atakavyo. Kiu yenyewe itaondoka, uangalie wiki hii."

Akaridhika, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia wengine mlangoni. Potasiamu ilirudi 4.8 bila kulazimika kupunguza Septrin. Kreatinini nayo ilipanda kidogo wakati wa dozi kubwa, kwa kuwa trimethoprimu huizuia isitoke kwenye mkojo hata figo ikiwa salama, na tulikwisha kuwaonya wote waliomhudumia ili asitokee mtu akaogopa upya.

Kalsiamu ilishuka hatua kwa hatua: 2.78 siku ya tatu, 2.55 siku ya nane, 2.38 alipomaliza dawa. Kipimo cha vitamini D iliyokamilika, ambacho kililazimika kupelekwa nje ya Mombasa, kilirudi akiwa amekwisha pata nafuu: pikomoli 214 kwa lita, wakati kiwango cha juu cha kawaida katika maabara hiyo ni 160. Ile ambayo haijakamilika ilikuwa ya wastani tu, 62 nanomoli, kwa hiyo hakuwa amemeza vitamini kupita kiasi.

Msomaji makini atauliza: je, si steroidi iliyoshusha kalsiamu? Ingeweza. Ndiyo maana sikuihesabu nafuu ya wiki ya kwanza kuwa uthibitisho. Uthibitisho niliuona baadaye, predinisoloni iliporudi miligramu 5 na maikofenoleti ikarudishwa kwa dozi ndogo: kalsiamu ikabaki 2.36, vitamini D iliyokamilika ikashuka hadi 98, na homoni ya parathiroidi ikaamka mpaka 41. Kreatinini ilitulia kwenye 124. Ngazi alizipanda tena, na oksimita haikuteremka chini ya 95.

Limebaki suala la Septrin ya kila siku, na hapa hapakuwa na ugumu wa kitabibu. Nilipomwambia ataendelea na kidonge kimoja cha 480, alinyamaza, akamtazama mkewe. Baadaye alinieleza kwamba ile miezi sita ya mwanzo alikuwa akivitoa vidonge kwenye pakiti yake na kuvificha ndani ya chupa ya vitamini, kwa sababu shemeji yake aliwahi kuiona pakiti na kuuliza, mbele ya watu, "Hizi si za wale wagonjwa?" Hapa Kenya Septrin imewalinda watu wengi sana wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kiasi kwamba mtu akiimeza hadharani hupachikwa ugonjwa. Waliposimamisha Septrin yake alishukuru, na hata ingekuja kurudishwa baada ya kutibiwa figo, alisema, hajui kama angeimeza yote. Tulimwita shemeji. Nilimweleza, kwa idhini ya mgonjwa, kwamba kidonge hiki hulinda mapafu ya yeyote ambaye kinga yake imeshushwa, iwe kwa virusi au kwa dawa za kulinda figo, na kwamba hakuna aibu kwa mmoja wala kwa mwingine. Alisikiliza, akaomba radhi kwa mgonjwa palepale.

Kuna jambo moja zaidi la kliniki. Pneumocystis huenda kwa hewa kutoka kwa mtu hadi mtu, na milipuko midogo imewahi kuonekana katika kliniki za waliopandikizwa figo katika nchi kadhaa, wagonjwa wakiwa wameambukizana kwenye vyumba vya kusubiri. Bwana huyu, katika wiki zile za kiu, alikaa kwenye benchi moja na wenzake wa figo. Tuliwapigia wote waliokuwa na miadi siku zake, tukawapima kalsiamu na kuwapandisha ngazi, na tukaangalia nani aliwahi kutibiwa kukataliwa kwa figo bila kurudishiwa Septrin. Anayekohoa sasa hupewa barakoa mlangoni na kuonwa chumba cha pembeni. Kalsiamu na albumini zimewekwa kwenye fomu moja na kreatinini, na kalsiamu iliyorekebishwa ikipita 2.6, maabara huongeza homoni ya parathiroidi kwenye damu hiyohiyo bila kusubiri mgonjwa arudi.